Sura ya Saba: Shahidi wa Kulipiwa

Tarehe 15 Juni 2023, wachambuzi wa usalama wa mitandao katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliona jambo lisilokaa sawa kwenye barua pepe za wizara. Walikuwa wametega mtego wao wenyewe, kanuni fupi waliyoiandika na kuibatiza Big Yellow Taxi, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kupiga kelele sanduku la barua la mtumishi linapofunguliwa kwa njia isiyozoeleka. Mtego ukalia. Mitego ya aina hii hulia bure mara nyingi, na mchambuzi aliyechoka huinyamazisha akaendelea na chai yake. Hawa hawakuinyamazisha. Kesho yake waliwaarifu Microsoft, wenye mfumo wa barua pepe ambao wizara ilikuwa ikiulipia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kufumuka.

Kundi la wadukuzi ambalo Microsoft inaliita Storm-0558, na ambalo wachunguzi wa Marekani wanalihusisha na China, lilikuwa limeshajikaribisha kwa wiki kadhaa. Lilisoma barua za Gina Raimondo, Waziri wa Biashara. Za Nicholas Burns, balozi wa Marekani mjini Beijing. Na za mbunge Don Bacon. Kwa jumla taasisi 22 na watu zaidi ya 500 duniani waliguswa. Katika Wizara ya Mambo ya Nje peke yake zilichukuliwa barua pepe zipatazo 60,000.

Mataifa makubwa yamekuwa yakisomeana barua tangu enzi za lakiri na nta, na sioni sababu ya kujifanya nimeshtuka. Kilichonikalisha kitako ni namna wizi huu ulivyogunduliwa. Mtego wa wizara uliweza kulia kwa sababu ulikuwa ukisoma kumbukumbu maalumu ya mfumo, ile inayoandika ni barua ipi imefunguliwa, saa ngapi, na kwa akaunti gani. Kumbukumbu hiyo haikuwa haki ya kila mteja. Ilikuja na leseni ya daraja la juu, na wizara ilikuwa imelipia daraja hilo. Mteja mwenye leseni ya kawaida, aliyeibiwa na wezi walewale kupitia mlango uleule, angeweza kukesha akiukodolea macho mfumo wake asione kitu, maana ukurasa ambao mwizi aliacha nyayo zake ulikuwa umefungiwa nyuma ya malipo.

Sasa tuulize mlango ulikuwa wa nani.

Mtumiaji anapoingia kwenye barua pepe yake, mfumo humpa tokeni, mfano wa kibali kinachosema huyu tumemkagua, apite. Kibali hicho hutiwa saini kwa ufunguo wa siri ambao mwenye mfumo peke yake anapaswa kuwa nao. Atakayeupata ufunguo huo anaweza kujiandikia kibali cha mtu yeyote bila kujua nywila ya mtu huyo. Ufunguo walioutumia Storm-0558 ulitengenezwa na Microsoft mwaka 2016. Ulikuwa wa akaunti za watu binafsi, wala haukuhusu ofisi, na ulipaswa kustaafishwa Machi 2021. Haukustaafishwa. Kampuni ilikuwa na desturi ya kubadilisha funguo za aina hiyo kwa mkono. Mwaka 2021, baada ya zoezi hilo kusababisha huduma zake kuzimika, ililisimamisha zoezi lenyewe bila kuweka utaratibu wa kiotomatiki mahali pake. Juu ya hapo kulikuwa na kasoro nyingine ya programu, iliyoufanya ufunguo wa akaunti za nyumbani ukubalike kwenye masanduku ya barua ya serikali.

Na uliibwaje? Septemba 2023 Microsoft ilichapisha maelezo marefu yaliyoonyesha kwamba huenda ufunguo ulitoroka ndani ya faili la kumbukumbu linaloandikwa kompyuta inapoanguka. Maelezo yalikuwa matamu na yalinukuliwa kila mahali. Ilichukua hadi Machi 2024 kwa kampuni kuyarekebisha na kukubali kwamba haikuwahi kulipata faili lolote lenye ufunguo huo ndani yake. Marekebisho hayo yalikuja wakati bodi ya serikali iliyoundwa kupitia matukio makubwa ya usalama wa mitandao ikiwa imeshaibana kwa maswali. Ripoti ya bodi ilitangazwa tarehe 2 Aprili 2024. Ilisema uvamizi ule ungeweza kuzuiwa na haukupaswa kutokea kabisa, na kwamba utamaduni wa usalama ndani ya kampuni haukutosha na ulihitaji kufumuliwa upya. Kwa lugha ya ripoti za serikali, hayo ni matusi.

Waliosema mganga hajigangi walikuwa na huruma ndani ya msemo wao. Walijua kwamba ujuzi wa mtu humtoroka pale anapougua yeye mwenyewe. Lakini hawakumfikiria mganga ambaye dawa yake imekudhuru, kisha anakudai hela ya ziada akuonyeshe kidonda kiko wapi.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la sura hii: je, watengenezaji wa programu waaminiwe kutuuzia pia vifaa vya usalama? Wengi hulijibu kwa kuangalia uso wa kampuni, inapendwa au inachukiwa. Mimi nadhani tunapaswa kuangalia ankara. Ndani ya kapu linaloitwa usalama huwekwa bidhaa ambazo hazina undugu, na baadhi yake hazikupaswa kuwekewa bei hata siku moja.

*

Ili kuelewa tulifikaje hapa, lazima turudi kwenye miaka ambayo kuunganisha kompyuta mpya na intaneti kulikuwa sawa na kuiweka njiani ikagongwe. Julai 2001 ilikuja Code Red, Septemba mwaka huohuo Nimda. Zote mbili ziliingilia udhaifu wa programu za Microsoft. Tarehe 15 Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake waraka uliokuja kuwa maarufu, akiwaambia kwamba kuanzia hapo, ikibidi kuchagua kati ya kuongeza madoido na kurekebisha usalama, wachague usalama. Maelfu ya wahandisi wa Windows waliacha kazi ya kuandika vitu vipya wakarudishwa darasani na kwenye kupekua msimbo wa zamani mstari kwa mstari.

Kazi ilikuwa ya kweli, lakini deni lilikuwa kubwa. Januari 2003 kirusi cha Slammer, chenye baiti 376 tu, kilienea kwenye kompyuta zipatazo 75,000, nyingi kati yake ndani ya dakika kumi za kwanza. Kiraka cha udhaifu huo kilikuwa kimeshatolewa nusu mwaka kabla. Agosti ikaja Blaster, ambayo ilizizima na kuziwasha kompyuta za Windows mbele ya macho ya wenyewe. Ndani ya msimbo wa Blaster aliyeiandika alimwachia Bill Gates ujumbe, akimuuliza kwa nini anaruhusu mambo haya, na kumtaka aache kuchuma hela, atengeneze programu zake.

Mhalifu ni mhalifu, na yule aliharibu kazi za watu wasio na hatia. Ila ujumbe wake ulitua mahali penyewe, maana miezi miwili tu kabla, Juni 2003, Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba inanunua teknolojia ya antivairasi ya GeCAD, kampuni ya Romania. Desemba 2004 ikanunua kampuni ya Giant, iliyotengeneza programu ya kufukuza majasusi wa kompyuta. Mwenye Windows alikuwa anajiandaa kuingia kwenye biashara ya kuwalinda watu dhidi ya yanayoingilia kwenye Windows.

Bidhaa iliyotokana na ununuzi huo, Windows Live OneCare, iliingia sokoni mwisho wa Mei 2006 kwa dola 49.95 kwa mwaka, kompyuta tatu kwa leseni moja. Symantec na McAfee, wafalme wa soko hilo wakati ule, walipaza sauti, na sauti yao ilikuwa na mantiki: huyu ndiye mwenye nyumba, ndiye anayejua kila ufa, na sasa anataka kushindana na walinzi wa kukodi. Ugomvi ulichachamaa Windows Vista ilipokaribia. Microsoft ilikuwa imeamua kukizungushia ukuta kiini cha Windows ya biti 64, mtu wa nje asikiguse. Kwa wahandisi huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani virusi vibaya kuliko vyote ni vile vinavyojificha huko kwenye kiini. Kwa wauza antivairasi ilikuwa kama kufukuzwa kazi, kwa sababu bidhaa zao nazo zilifanyia kazi hukohuko. Oktoba 2006 McAfee ilinunua ukurasa mzima wa gazeti la Financial Times kulalamika. Kamisheni ya Ulaya ikaingilia, na Microsoft ikakubali kuwaachia washindani upenyo. Tuuweke upenyo huo kiporo, tutauhitaji.

OneCare yenyewe haikuwa tishio kwa yeyote. Mapema 2007 ilishika mkia kwenye jaribio la maabara ya AV-Comparatives, ya kumi na saba kati ya bidhaa 17. Novemba 2008 kampuni ilitangaza inaizika, na Septemba 2009 ikaja Security Essentials, bure. Mwaka 2012 ulinzi ukawekwa ndani ya Windows 8 moja kwa moja kwa jina la Defender, na tangu hapo mtu wa kawaida hana haja ya kununua antivairasi yoyote. Nalisema hili bila kusita: uamuzi huo wa kutoa ulinzi bure ulifanya mengi zaidi kwa usalama wa watu maskini wa dunia kuliko bidhaa zote za kulipia zilizoutangulia.

Anayekumbuka steshenari na vibanda vya intaneti vya miaka ile ataelewa. Kwenye miji yetu virusi havikuhitaji hata intaneti, vilipanda flashi. Mwanafunzi alikwenda kuchapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo akarudi na flashi ambayo mafaili yake yote yamegeuka njia za mkato, na fundi alimtoza hela za kuyafufua. Antivairasi iliyokuwemo kwenye mashine ya steshenari ilikuwa ya majaribio ya siku 30, imeisha muda zamani, au imefunguliwa kwa namba za wizi. Windows yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kunakili, na Security Essentials ilikuja na sharti kwamba Windows iwe halali. Kwa hiyo hata iliyokuwa ya bure haikuwafikia waliokuwa wakiihitaji kuliko wote, mpaka ulinzi ulipopachikwa ndani ya mfumo wenyewe.

*

Kuna wanaosema dawa ni nyepesi: anayetengeneza asilinde, anayelinda asitengeneze. Wazo hilo linavutia sikioni. Tatizo ni kwamba anayelinda naye anatengeneza programu, na programu yake ina kasoro kama nyingine zote, ila tumeipa funguo za nyumba nzima.

Tarehe 21 Aprili 2010 McAfee ilisambaza masasisho yaliyolishuku faili halali la Windows XP, svchost.exe, kuwa kirusi. Kompyuta za makampuni na hospitali zikaingia kwenye kujizima na kujiwasha. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike ilisambaza faili dogo la mipangilio ambalo halikupimwa ipasavyo. Programu yake ilitarajia kusoma sehemu ya 21 ya taarifa, ikapewa 20, ikanyoosha mkono nje ya mipaka ya kumbukumbu yake, na kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi ndani ya kiini cha Windows, ikaanguka na mfumo mzima. Faili lilikuwa hewani kwa dakika 78 tu. Kompyuta milioni 8.5 ziligeuka skrini za buluu, ndege zikabaki chini, na mafundi walilazimika kuzifikia nyingi kati ya hizo moja baada ya nyingine. Wapenda habari za pembeni watafurahi kujua kwamba mkuu wa teknolojia wa McAfee mwaka 2010 alikuwa George Kurtz, na mkuu wa CrowdStrike mwaka 2024 alikuwa George Kurtz.

CrowdStrike ilikuwa imefikaje kwenye kiini? Kwa upenyo ule tulioubakiza kiporo. Baada ya tukio Microsoft ilikumbusha kwamba makubaliano yake ya baadaye na Ulaya, ya mwaka 2009, yanailazimisha kuwapa washindani wa usalama nafasi ileile iliyo nayo yenyewe. Ni kweli, lakini ni ukweli wa wakili. Makubaliano hayo yaliidai usawa, hayakuidai kiini. Kama Defender nayo ingeondolewa kwenye kiini na wote wakapewa njia moja salama ya nje, usawa ungekuwa umetimia. Apple ilikwisha kuwasogeza wauza usalama nje ya kiini cha macOS miaka kadhaa kabla. Microsoft imeanza kwenda njia hiyo baada ya kishindo cha 2024, ikiwashirikisha wauzaji haohao.

Na uhuru wa muuzaji peke yake hauzai uaminifu. Avast, kampuni ya antivairasi iliyosifika kwa programu yake ya bure, ilikuwa ikikusanya historia ya kurasa ambazo wateja wake walizitembelea na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020 baada ya kufichuliwa, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5. Watu walikuwa wameiweka mlangoni iwazuie wapelelezi.

Kwa hiyo sijiungi na wanaotaka ukuta kati ya wajenzi na walinzi. Mjenzi ana faida moja ambayo hakuna mwingine anayo: akiona shambulio anaweza kwenda kwenye msimbo wenyewe akauziba ufa, badala ya kusimama nje na rungu. Shida inaanza pale mapato ya rungu yanaponoga kuliko mapato ya kuziba ufa.

Na yamenoga. Januari 2023 Microsoft ilitangaza kwamba biashara yake ya usalama imevuka dola bilioni 20 kwa mwaka. Miaka miwili tu nyuma ilikuwa imetangaza bilioni 10. Sidhani kuna mtu huko Redmond, makao makuu ya Microsoft, anayepanda kasoro kwa makusudi ili auze dawa. Biashara haihitaji ubaya wa namna hiyo. Inatosha kuwe na mkutano wa bajeti, upande mmoja kuna timu inayoomba wahandisi wa kubadilisha funguo za zamani, kazi ambayo hakuna mteja ataiona, na upande wa pili kuna timu inayoomba wahandisi wa bidhaa mpya ya usalama yenye jina na bei. Timu ya pili inakuja na makadirio ya mauzo. Ya kwanza inakuja na hofu.

Ubishi kuhusu mapato haya haukuanza 2023. Mwishoni mwa 2020 iligundulika kwamba wadukuzi wa Urusi walipenya kwenye ofisi nyingi za serikali ya Marekani kupitia programu ya SolarWinds, kisha wakatumia mifumo ya utambulisho ya Microsoft kusogea ndani zaidi. Februari 2021 rais wa Microsoft, Brad Smith, aliitwa mbele ya Baraza la Wawakilishi. Mbunge Jim Langevin alimuuliza kuhusu kumbukumbu hizi za mfumo zinazotozwa ziada: hicho ni chanzo cha faida kwenu? Smith alijibu kwamba Microsoft ni kampuni ya kutafuta faida, na kila inachofanya, ukiacha misaada, kinalenga kuleta faida. Watu wengi walimkasirikia. Mimi nimelipenda jibu hilo, kwa kuwa ni la kweli na linatuambia tusimame wapi. Kampuni imesema yenyewe itafanya nini. Kazi ya kusema kipi kisiuzwe ni ya wengine.

Na kisiuzwe kipi? Cha kwanza ni urekebishaji wa kosa la mtengenezaji mwenyewe. Angalia Windows XP. Msaada wake kwa umma ulikwisha Aprili 2014, lakini wenye hela waliendelea kununua viraka kwa mikataba maalumu; Uingereza ililipa zaidi ya pauni milioni 5.5 kwa mwaka mmoja kwa ajili ya ofisi zake za umma. Mei 2017 ilipozuka WannaCry, ikitumia silaha iliyovuja kutoka shirika la ujasusi la Marekani, ikaangusha hospitali za Uingereza na kufunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, Microsoft ilitoa kiraka cha XP bure kwa wote karibu papo hapo. Iliweza kufanya haraka hivyo kwa sababu kiraka kilikuwa kimeshatengenezwa kwa ajili ya wateja wa mikataba. Kwa haki ya kampuni niseme kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambazo viraka vyake vilitoka bure tangu Machi na wenyewe hawakuviweka. Hata hivyo picha ya kiraka kilicho tayari, kimekaa kabatini kikisubiri mwenye ankara, haifutiki.

Cha pili ni ushahidi. Kumbukumbu ya nani aliingia kwenye sanduku lako ni habari yako, kuhusu mali yako, ndani ya chumba unachokilipia kodi. Kuihifadhi kunagharimu, hilo sibishi, na anayetaka ihifadhiwe miaka kumi alipie diski. Lakini kumnyima mteja wa kawaida ni kumfanya mtengenezaji kuwa shahidi pekee wa makosa yake mwenyewe, na tumeona shahidi huyo alivyochukua miezi kurekebisha kauli moja. Julai 2023, siku chache baada ya wizi kutangazwa na seneta Ron Wyden na wengine wakiwa wamekunja ngumi, Microsoft ilisema itawapa wateja wa leseni ya kawaida kumbukumbu nyingi zaidi bila malipo, na kwamba muda wa kuzihifadhi utapanda kutoka siku 90 hadi 180. Jambo jema. Linathibitisha pia kwamba lingewezekana mapema.

Zaidi ya hivyo viwili, wauze wanachotaka: walinzi wa usiku, wachambuzi wa kukodi, mitambo ya akili bandia inayonusa hatari. Mnunuzi atapima na kulinganisha.

*

Msomaji wa Dar es Salaam au Kampala anaweza kusema hayo ni ya mabalozi na mawaziri wa Marekani. Lakini ofisi zetu nyingi, za umma na binafsi, zimehamishia barua pepe zao kwenye mawingu hayohayo ya kina Microsoft, na kwa bajeti zetu leseni inayonunuliwa ni ya daraja la chini. Wakati huohuo sheria zimekaza. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshikilia taarifa za watu amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Saa 72 zinaanza kuhesabiwa pale unapojua. Taasisi isiyo na kumbukumbu haijui, basi haivunji sheria, na mwananchi ambaye namba yake ya kitambulisho imeshauzwa haambiwi. Sheria nzima inasimama juu ya kipengele cha leseni ambacho mbunge aliyeipitisha hakukiona.

Na kiraka cha kulipia kimerudi, safari hii kwetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha viraka vya bure vya Windows 10. Windows 11 inahitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta mpakato nyingi za mtumba hazina, zile zinazoshushwa kutoka Ulaya na Dubai na kupangwa kwenye maduka ya Kariakoo na barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Zinawaka, zinafanya kazi, zina miaka mingi mbele yao. Mwenye mashine ya nyumbani aliambiwa anaweza kupata viraka vya mwaka mmoja zaidi kwa dola 30, au bila hela iwapo atakubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye wingu la Microsoft. Makampuni yaliwekewa dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, na bei inajirudufu kila mwaka unaofuata.

Wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wanapata mwaka huo wa nyongeza bure, bila sharti la kuhifadhi chochote kwenye wingu. Kinachodaiwa ni kuingia kwa akaunti ya Microsoft tu. Walipata hivyo kwa sababu chama cha kutetea walaji, Euroconsumers, kiliiandikia kampuni kikitaja sheria za Ulaya kifungu kwa kifungu. Msimbo ni uleule, ufa ni uleule, na kiraka kinachopakuliwa Brussels ndicho kinachopakuliwa Mwanza.

Kwa anayenunua kwa niaba ya umma, mahali pa kuanzia ni palepale zabuni inapoandikwa. Nyaraka za zabuni tunazopitisha kwenye NeST, mfumo wa Tanzania wa ununuzi wa umma kwa mtandao, huuliza idadi ya leseni, bei na muda wa msaada. Hakuna kinachozuia ziulize pia kama kumbukumbu zote za kuingia na kufungua barua zimo ndani ya bei iliyotajwa, kwa siku ngapi, kwa muundo unaoweza kuhamishwa. Na muuzaji akigundua kwamba kosa ni lake, atatuarifu ndani ya saa ngapi. Muuzaji atakayejibu kwamba hayo ni ya daraja la juu atakuwa ameshatoa jibu linalotosha kulinganishwa na la mwenzake.